Jina la Hospitali

Kwa miaka mingi kabla Lavonne Drift hajapewa ofisi, barua za watoto zilisomwa mezani, watu wakiwa wanakula.

Aliyezisoma ni Alphonse Isham, mkuu wa kwanza wa Idara ya Watoto na Familia ya kabila letu, sisi tuliokuwa wenyeji wa nchi hii kabla Wazungu hawajaja. Zilitoka kaunti hii na ile, jimbo hili na lile, lakini maneno yake yalikuwa yale yale: tumemchukua mtoto fulani, mama yake ni fulani, anasema ana asili ya kwenu, je, ni wenu? Sheria inawalazimu waulize, nasi inatulazimu tujibu. Tukisema ni wetu, tuna haki ya kusimama mahakamani na kumdai. Tukisema si wetu, kesi inaendelea bila sisi, na mtoto anakwenda atakakopelekwa.

Basi Alphonse alikuwa akizitia mfukoni, anakwenda nazo kwenye ukumbi wa chakula cha wazee saa sita mchana, anagonga bakuli kwa kijiko, anasoma jina. Wazee wanatafuna, wanafikiri. Kisha bibi mmoja anasema, "Huyo si wa yule aliyeolewa na fundi mabomba kule mjini?" Mwingine anamjibu, "Siye, ni wa dada yake, yule mwenye meno." Kabla supu haijapoa, imejulikana mtoto ni wa nani, wazazi wake walitokea upande upi wa ziwa, na nani katika ukoo ana chumba kitupu.

Tatizo ni kwamba, kabla supu haijapoa, ilikuwa pia imejulikana nani kanyang'anywa watoto.

Siku moja jina lililosomwa lilikuwa la dada yake Lavonne. Lavonne alikuwa na miaka ishirini na tisa wakati huo, dereva wa basi la shule, na alikuwa ameingia ukumbini kuleta mkate wa kukaanga kutoka kwa mama yake. Alisimama mlangoni na sinia mikononi huku bibi wawili wakishindana ni mtoto wa ngapi wa yule dada na baba yake ni yupi. Watoto walipatikana wiki ile ile wakarudishwa kwetu, wakalelewa na mama yao mdogo mwingine. Dada mwenyewe hakurudi. Aliishi mjini, maili arobaini tu, mpaka akafa, na hakuwahi kukanyaga tena ukumbi ule wala kwenda kuvuna mchele wa porini unaoota ziwani pamoja na wenzake.

"Hakuna aliyecheka," Lavonne aliniambia siku moja. "Wangecheka ingekuwa afadhali. Walikuwa wanasaidia tu."

Ndipo akaanza kusoma. Alisomea ndani ya basi, kati ya zamu ya asubuhi na ya jioni, injini ikiwa inanguruma ili asigande kwa baridi. Ilimchukua miaka tisa kupata shahada ya ustawi wa jamii. Alphonse alipostaafu, baraza la kabila likampa Lavonne kiti. Alikuwa na miaka arobaini na nne.

Jambo la kwanza alilofanya ni kununua kabati la chuma lenye kufuli. Tangu siku hiyo barua ilitoka posta ikaenda kwa karani wa daftari la kabila, karani akatafuta jina kwenye kadi, akaandika lipo au halipo, barua ikarudi kwa Lavonne. Mimi, mpiga chapa wake, nikaandika jibu kwa mashine, yeye akatia saini. Meza tatu, basi. Hakuna mtu mwingine aliyejua. Mama waliokuwa wakiogopa kufika ofisini walianza kuja wenyewe, kabla watu wa kaunti hawajafika kwao, wakasema wanakunywa, au mume anapiga, au hakuna kitu ndani ya nyumba. Walijua neno lao halitafika ukumbini. Wengi tuliwasaidia bila mtoto kulala nje ya ukoo hata usiku mmoja. Hayo yote yalitokana na lile kabati, wala sitaki mtu afikiri vingine.

Alphonse peke yake ndiye aliyenung'unika, naye kwa utani.

"Umetuzimia redio yetu, binti."

"Redio gani, Mjomba?"

"Ile ya saa sita."

"Nunua ya betri."

"Ya betri haina habari za kwetu. Inasema bei ya soya."

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi kwa miaka minane. Jengo letu lilikuwa zahanati zamani, na korido ilikuwa imejaa viti vya watoto vya gari, makoti ya theluji ya kila kipimo, na masanduku ya nepi. Lavonne hakuweza kukaa kitini. Alisaini barua akiwa amesimama, huku akitafuna mbegu za alizeti na kutemea maganda kwenye kikombe. Alijua kila mtoto aliye nje ya ukoo anaogopa nini, yupi mbwa, yupi maji ya bafu, na akipita dukani alinunua soksi kwa sababu, alisema, mtoto anayechukuliwa usiku huchukuliwa bila soksi.

Binesh alikufa mwezi wa Novemba, kusini huko ambako theluji haianguki, akiwa na miaka ishirini na sita. Walisema ni moyo. Sisi tulijua ni vidonge vya kulevya.

Binesh maana yake ni ndege mdogo, na hatukumjua kwa jina jingine. Alilelewa na Josette Bluesky tangu akiwa na siku nane. Aliyemzaa ni mdogo wake Josette, naye alimpa dada yake yule mtoto kwa sababu Josette alikuwa amezika mtoto wake mwenyewe majira yale ya baridi. Kwetu hilo halina karatasi. Mtoto anapelekwa penye pengo, na aliyempokea ndiye mama. Yule mdogo mtu aliishi nyumba ya tatu kutoka pale mpaka kufa kwake, na Binesh alimwita mama mdogo bila kuona ajabu yoyote.

Jeneza liliwasili Alhamisi mchana. Ukumbi ulikuwa umejaa, sufuria za nyama ya paa na mchele wa ziwani zikiwa mezani, moto wa marehemu, ambao kwetu huwaka siku nne, ukiwaka nje chini ya misonobari. Mtu wa nyumba ya mazishi, kijana wa Kizungu aliyevaa viatu visivyofaa theluji, aliomba mtu wa kutia saini ya mapokezi. Akasoma karatasi yake kwa sauti.

"Mwili wa Yvette Corrine Hanley."

Watu walitazamana.

"Hanley wa wapi?" Alphonse akauliza. "Kijana, umetuletea maiti ya watu. Mrudishe upesi, wenyewe wasije wakaanza kulia kwenye jeneza tupu."

Ukumbi mzima ulicheka. Kwenye misiba yetu watu hucheka, na Josette naye alicheka, akijiziba mdomo kwa leso. Kisha akasema, "Ndiye. Ndiye Binesh. Hilo ndilo jina la hospitali."

"Jina la hospitali?"

"Baba yake alikuwa yule Mzungu wa malori ya magogo. Nesi akaandika jina la baba. Mimi nilipompokea nikamwandikisha kwetu kwa langu, Corrine Bluesky."

"Miaka yote hii sijui?" Alphonse akasema.

"Hata mwenyewe alikuwa akilisahau. Likiitwa kwa daktari anaangalia nyuma."

Wakacheka tena. Lavonne alikuwa kwenye sufuria ya mchele, akipakulia watu. Niliona upawa umesimama hewani. Akauweka chini, akafuta mikono, akamwendea yule kijana.

"Karatasi yako inasema ana mtoto?"

Kijana akageuza ukurasa. "Mmoja. Yuko hai."

"Leland," Josette akasema. "Atatimiza miaka mitatu na nusu sasa. Yuko kwa baba yake."

"Nani alikwambia yuko kwa baba yake, Shangazi?"

"Binesh. Kila nikimpigia simu nikimwomba anipe nimsikie mtoto, ananiambia yuko kwa baba yake."

Lavonne akaitikia kwa kichwa. Akatoka bila koti.

Nilimkuta ofisini. Kabati lilikuwa wazi na faili limelala juu ya meza. Ndani mlikuwa na barua moja kutoka kaunti ya kule kusini, na nakala ya jibu letu, vyote vya miaka miwili nyuma. Kaunti ilikuwa imeuliza juu ya mtoto wa kiume wa Yvette Hanley, mwenye umri wa mwaka mmoja na nusu. Karani alikuwa ametafuta Hanley kwenye kadi na hakupata kitu. Jibu lilisema: tumechunguza daftari letu, mtu huyu hajulikani kwetu, na mtoto wake hana sifa ya kuandikishwa. Chini ilikuwapo saini ya Lavonne, ile ya haraka ya mtu aliyesimama. Chini zaidi zilikuwapo herufi mbili ndogo za jina langu, kama mwandishi wa mashine.

"Josette alikuwa anakula pale ukumbini kila siku," Lavonne alisema. "Meza ya karibu na jiko. Ningeisoma mara moja tu."

Alikaa kitini, jambo ambalo sikuwa nimezoea kuliona.

Alisubiri siku nne za moto ziishe, marehemu azikwe, kisha akaenda kwa Josette. Alinitaka nifuatane naye ili pawe na shahidi, maana hakutaka baadaye aonekane kama aliyetafuta maneno ya kujitetea. Josette alikuwa jikoni akimenya viazi. Lavonne alimweleza yote tangu mwanzo, bila kuzunguka.

"Wewe?" Josette akauliza.

"Mimi."

"Saini yako?"

"Yangu."

Kisu kiliendelea kuzunguka kiazi. Ganda lilitoka refu, moja, halikukatika.

"Na hao walio naye, ni akina nani?"

"Mume na mke. Wamekuwa walezi wake tangu tulipojibu ile barua. Sasa wanataka kumwasili awe wao kabisa. Kesi itasikilizwa Machi."

"Machi bado."

"Bado, Shangazi."

"Basi andika barua nyingine," Josette akasema. "Useme ya kwanza ilikosea."

Aliandika. Aliandika nyingi kuliko nilizopata kumwandikia mwaka wowote. Wakili wa kabila akaomba tuingie kwenye kesi, tukakubaliwa. Baraza lilikutana kikao cha dharura, kadi ya Corrine Bluesky ikaunganishwa na cheti cha Yvette Hanley, na Leland akaingizwa daftarini na kupewa namba. Nyumba ya Josette ilikaguliwa. Mpwa wake alikuja kupaka rangi chumba kilichokuwa cha Binesh, na Josette akanunua viatu vya theluji kwa kukisia mguu, jozi mbili, ndogo na kubwa kidogo, ili asikosee. Kila Jumamosi Lavonne alikwenda pale kwa gari lake la mizigo, akakata kuni, akabadilisha kitasa, akarekebisha ngazi za nyuma ambazo mkaguzi alizilalamikia. Aliomba ruhusa ya kwenda kumwona mtoto. Akajibiwa kwamba si wakati mwafaka. Aliomba picha. Ikaja moja kwa faksi, nyeusi nyeusi, na kilichoonekana ni sikio na ukosi wa shati. Josette aliichukua akaibandika kwenye jokofu.

"Sikio ni letu," alisema.

Kesi ilisikilizwa kwa simu, kwenye chumba chetu cha mikutano, kile chombo chenye spika kikiwa katikati ya meza. Josette alivaa gauni lake la riboni, lile la sherehe za kwetu, ingawa hakuna wa kumwona. Alphonse pia alikuja, akaketi pembeni na kofia yake magotini. Wakili alikuwa amesafiri kwenda kule, kwa hiyo sauti yake nayo ilitoka kwenye kile chombo.

Hakimu alikuwa na sauti ya upole. Alianza na Josette.

"Mama, una uhusiano gani na marehemu?"

"Mama yake."

Karatasi zilisikika zikigeuzwa. "Cheti cha kuzaliwa kinataja mama mwingine."

"Huyo alimzaa."

"Kwa hiyo kwa karatasi wewe ni dada wa mama yake. Palikuwa na amri ya mahakama ya kumwasili?"

"Palikuwa na mdogo wangu. Alimleta mwenyewe, amemfunga kwenye blanketi."

"Asante, mama," hakimu akasema, na nikamsikia akiandika.

Kisha akamwita Lavonne. Wakili alikuwa amemwonya usiku uliotangulia aseme kwamba ni kosa la mfumo, kwamba daftari halikuwa na taarifa kamili, kwamba idara ina watu wachache. Yote hayo ni kweli.

"Barua hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Yaliyomo yalikuwa kweli?"

"Hapana. Yalikuwa kosa."

"Kosa la nani?"

"La kwangu."

"Daftari halikuwa na jina hilo. Ungejuaje?"

"Ningewauliza wazee waliokuwa wakila ukumbini," Lavonne alisema. "Kulikuwa na utaratibu wa kuwauliza. Mimi ndiye niliyeuzuia."

Wakili akakohoa kule. Alphonse aliinamisha kichwa, akaanza kuchezea utepe wa kofia.

Wakaitwa wengine. Mtaalamu wa watoto alieleza kwamba mvulana amekwisha kuwaita wale watu mama na baba, kwamba analala vizuri, kwamba amepewa jina Mason na analiitikia. Alisema kumtoa sasa ni kumvunja mara ya pili. Nilimtazama Lavonne wakati maneno yale yanasemwa. Alikuwa amefumba macho, na najua kwa nini. Ndiyo maneno yake. Ndiyo aliyotufundisha sisi sote wiki ya kwanza ya kazi, tulipotaka kuwahamisha watoto kama mizigo: kwa mtoto wa miaka mitatu, miaka miwili si muda, ni maisha yake yote. Mara mbili alikuwa amewaacha watoto kwa walezi wao kwa sababu hiyo hiyo, na ndugu zao wakamtukana barabarani. Sasa alisikia hoja yake ikitoka kwenye chombo, katika kinywa cha mtu ambaye hakumjua.

Hakimu alisoma uamuzi kabla ya saa tisa. Alisema mtoto ni wa kabila letu, hilo hana shaka nalo, na sheria inamhusu kuanzia leo. Alisema kabila limefanya bidii. Alisema hata hivyo ipo sababu njema ya kumwacha alipo, na kwamba mahakama inasikitika. Walezi wanaombwa, hawalazimishwi, kutuma habari zake mara kwa mara. Kisha chombo kikatoa mlio, kikanyamaza.

"Amesemaje?" Josette akauliza. Alikuwa amesikia kila neno. Masikio yake ni mazima kuliko yangu.

"Anabaki kule," Lavonne akasema.

"Mpaka lini?"

"Anabaki, Shangazi."

Josette akakusanya riboni za gauni lake mkononi, moja moja, kana kwamba anazihesabu. Alphonse ndiye aliyesimama kwanza. Alikwenda akamimina kahawa vikombe vinne, akavileta, akasahau sukari, akarudi kuifuata, akakaa kule kwenye sukari muda mrefu.

Wakili alisema tunaweza kukata rufaa. Itachukua mwaka na nusu, pengine zaidi. Kila mmoja wetu akafanya hesabu ya umri kimoyomoyo, na sote tukaona kwamba kila mwezi wa kungoja ungekuwa ushahidi wa upande wa pili. Lavonne bado alitaka. Josette akakataa.

"Tutashinda atakapokuwa anasoma," alisema. "Aje kwangu analia kwa ajili yao. Nilimpokea Binesh akilia usiku kucha kwa ajili ya aliyemzaa. Sitaki wa pili."

Wiki ile Lavonne aliandika barua ya kujiuzulu. Mwenyekiti wa baraza aliisoma, akaikunja, akamrudishia.

"Nani mwingine?" akamwuliza. Hakumwuliza kwa kumbembeleza. Alitaka kweli jina, na Lavonne hakuwa nalo.

Basi alirudi kazini. Barua ziliendelea kuja. Sasa alizisoma akiwa ameketi, taratibu, kila herufi, na karani alitafuta jina la mama, la bibi, la kila mtu aliyetajwa. Hata hivyo zilikuwapo ambazo hazikupatikana kwenye kadi. Mwezi wa Aprili, barafu ikiwa bado ziwani, alichukua moja kati ya hizo akaitia mfukoni, akaenda nayo ukumbini saa sita. Nilikuwa nyuma yake. Alichukua kijiko. Wazee wakanyanyua macho, Alphonse akasogeza bakuli lake karibu ili ligongwe. Kwenye sufuria ya supu alikuwa amesimama msichana wa miaka kama kumi na sita, anayejitolea kusaidia siku ambazo shule imefungwa, na mama yake hakuwa ameonekana kwetu tangu Krismasi. Jina la kwanza kwenye barua lilifanana na la mama yule. Huenda hakuwa yeye. Lavonne alimtazama msichana, msichana akamtazama, akamwuliza kama anataka supu.

"Kidogo," Lavonne akasema.

Akanywa supu. Barua ilibaki mfukoni. Baraza limejadili jambo hilo mara tatu tangu hapo, nusu wanataka usomaji urudi, nusu wanasema watahama ukirudi, na kila upande unamtazama yeye. Yeye anasema kweli hajui. Siku hizi anaenda nyumba kwa nyumba kwa wazee watatu anaowaamini, anawanong'oneza majina sebuleni. Mmoja wao ameanza kusahau. Alphonse si kati ya watatu hao, naye anajua, wala hajauliza kwa nini.

Josette naye alianza kuja ofisini kila siku baada ya chakula. Hakuwa na shida yoyote. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mashine ya faksi, akaweka mkoba magotini, akangoja mpaka gari la wazee lije kumchukua saa nane. Hakuna aliyemwambia aondoke. Lavonne alimletea chai.

Simu ilipigwa mwezi wa Mei. Mwanamke, sauti changa, aliomba kuzungumza na mtu anayeijua familia ya mama aliyemzaa Mason. Lavonne alinyanyua kichwa akatutazama, akasema, "Ndiye huyu unayezungumza naye," na akamwonyesha Josette kiti cha karibu.

Nasikitika kusema alikuwa mtu mzuri yule mwanamke. Aliomba radhi kwa kusumbua. Alisema daktari anataka kujua magonjwa ya ukoo, hasa ya kifua, na cheti hakisemi kitu. Lavonne alirudia kila swali kwa sauti, Josette akajibu, Lavonne akayarudisha majibu kwenye simu.

"Mwambie mama yake alikuwa na pumu mpaka miaka sita, kisha ikamwacha."

"Mama yake alikuwa na pumu mpaka miaka sita."

"Mwambie maziwa baridi yanamzidishia. Na paka."

"Maziwa baridi. Na paka."

"Mwambie akikohoa alfajiri asimlaze chali. Amwegemeze begani, wima, ampige mgongo polepole, kiganja kikiwa hivi." Josette akakunja kiganja kama kikombe. Lavonne alikitazama kiganja kile, akajaribu kukieleza kwa maneno, akashindwa, akajaribu tena.

Mwanamke alikuwa akiandika, tulisikia. Akasema amesaidiwa sana, hajui ashukuruje. Josette akanyoosha kidole kimoja, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa, akifungua mdomo. Simu ikakatika.

Lavonne alibonyeza kitufe cha kutazama namba. Namba ilikuwa imefichwa. Alimpigia wakili, wakili akasema anwani na simu za wale watu zimefungwa na mahakama, na kwamba ombi letu halitajibiwa kabla ya vuli, kama litajibiwa.

"Ulitaka kumwuliza nini, Shangazi?"

"Si kuuliza," Josette alisema. "Kumweleza habari ya majani." Akaushika mkoba wake kwa mikono miwili. "Kwa hiyo anakohoa."

"Wameuliza tu. Madaktari huuliza."

"Mtu haulizwi pumu bure, Lavonne."

Kesho yake alikuja mapema, kabla ya chakula, na mfuko wa karatasi uliofungwa kwa uzi. Ulikuwa na majani ya mwerezi, yale ya upande wa mashariki wa ziwa, ambayo sisi sote tumefukizwa nayo utotoni, blanketi kichwani, bakuli la maji ya moto chini ya pua. Alikuwa ameyakausha vizuri. Juu ya mfuko aliandika kwa kalamu ni konzi ngapi kwa maji kiasi gani.

Lavonne aliupokea kwa mikono miwili.

"Shangazi, sina pa kuutuma."

"Najua. Nilikuwepo ulipopiga."

"Sitaki nikudanganye kwamba utafika."

"Nani kasema utafika?" Josette akaketi kwenye kiti chake, akaweka mkoba magotini. "Uweke tu hapo karibu na simu. Wakipiga tena usianze kutafuta."

Lavonne aliuweka karibu na simu. Sasa ni Septemba, mchele unavunwa ziwani, na majani yale yamebadilishwa mara mbili kwa mengine mapya zaidi. Hawajapiga tena.